Magamba ya Samaki Mdomoni: Sarafu Ndogo za Fedha za Ugiriki ya Kale

Mwaka 422 kabla ya Kristo (KK kuanzia hapa), katika mchezo wa kuchekesha wa Aristophanes uliooneshwa Athens, mzee mmoja anasimulia yaliyomkuta. Yeye na mwenzake walikuwa wamepokea posho ya siku ya kukaa mahakamani. Wakapewa sarafu moja kwa pamoja, wagawane. Mwenzake akaenda kuivunja sokoni, kwa wauza samaki, akarudi na kumwekea mzee kiganjani vitu vitatu vyembamba vinavyong'aa. Mzee, kama ilivyokuwa desturi, akavitupia mdomoni. Harufu ikampanda puani, akavitema. Yalikuwa magamba matatu ya samaki wa jamii ya mkizi.

Nusu ya kwanza ya kisa hiki haihitaji mfasiri kwa yeyote aliyepanda daladala au matatu. Konda hana chenji, anakukabidhi noti moja wewe na abiria usiyemjua, anasema "gawaneni", gari linaondoka. Nusu ya pili ndiyo inayotaka maelezo. Ilikuwaje mtu mzima afananishe pesa na gamba la samaki? Na kwa nini aiweke mdomoni?

Nimeamua kulieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu picha za sarafu za kale haziishi kuzunguka kwenye simu zetu, na maelezo yanayosafiri nazo yamechanganya mambo mengi. Utasoma kwamba Wagiriki ndio waliovumbua sarafu, kwamba palikuwa na "pesa ya Kigiriki" moja, kwamba vile vidogo kabisa vilikuwa vya kuchezea watoto, na kwamba ukiokota kimoja umaskini umekwisha. Yote manne si kweli.

Maneno kwanza

Kiswahili kinatupa mwanzo mzuri. Kwetu fedha ni madini meupe ya sonara, na fedha ni pesa. Kigiriki nacho kilikuwa hivyo hivyo: neno *argyrion* lilimaanisha madini ya fedha na pia pesa. Tofauti ni kwamba kwetu maana hizo mbili zilishaachana zamani, maana shilingi unayompa mwenye genge leo haina hata chembe ya fedha. Kwa Mgiriki wa karne ya 5 KK zilikuwa kitu kimoja. Pesa yake ilikuwa kipande cha fedha, na thamani ya kipande ilikuwa uzito wake.

Mji-dola ni mji unaojitawala pamoja na mashamba yake, wenye sheria, jeshi na miungu yake. Ugiriki ya kale haikuwa nchi moja. Ilikuwa na miji-dola zaidi ya 1,000, iliyotapakaa kuanzia pwani za Uhispania hadi Bahari Nyeusi, na mamia kadhaa kati yake ilitoa sarafu zake yenyewe.

Majina mawili ya kushika ni drakma na oboli. Drakma moja ni oboli sita. Oboli asili yake ni *obelos*, ufito wa chuma wa kuchomea nyama, kwa maneno mengine kijiti cha mshikaki. Drakma ni konzi, kile kinachojaa mkono ukiufumba: vijiti sita vya mshikaki kwenye ngumi moja. Katika hekalu la mungu mke Hera karibu na mji wa Argos, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta fito za chuma za namna hiyo zimewekwa kama sadaka. Chuma kilipoacha kutumika, majina yalibaki na kuhamia kwenye fedha. Sisi tumefanya yale yale: "hela" ilikuwa kijisarafu cha Wajerumani wa Afrika Mashariki, mia moja kwa rupia moja, na leo ni jina la pesa zote.

Sasa uzito. Kwa mizani ya Athens drakma ilikuwa na gramu 4.3 hivi. Sarafu maarufu ya Athens, ile kubwa yenye bundi, ilikuwa drakma nne, kama gramu 17. Oboli ilikuwa gramu 0.72, inazidi kidogo tu tembe ya parasetamo. Chini yake kulikuwa na nusu oboli, na chini zaidi robo oboli, gramu 0.18, sawa na punje saba au nane za mchele. Upana wa hiyo robo haufiki milimita saba. Ukiiangusha kwenye mchanga, umeipoteza.

Sarafu isiyo na namba

Watu wengi wakishika sarafu hizi hutafuta namba. Hawaioni, kisha wanaamua kwamba ni kishaufu au ni bandia. Namba haikuhitajika. Fikiria pakiti ya sukari ya kilo moja iliyofungwa kiwandani. Thamani iko kwenye sukari iliyo ndani, na ungeweza kuipima mwenyewe, lakini chapa ya kiwanda inakuondolea kazi hiyo. Sarafu ya fedha ilikuwa pakiti ya namna hiyo. Picha iliyogongwa juu yake ilisema: mji fulani umekwisha kupima, na madini haya ni safi.

Itazame oboli ya Athens ya karne ya 5 KK kwa karibu. Ina upana wa sentimita moja hivi. Upande mmoja pana kichwa cha Athena, mungu mke mlinzi wa mji, amevaa kofia ya vita na kuelekea kulia, lakini jicho lake limechongwa kama linakutazama wewe. Upande wa pili ni bundi, mwili umegeuka ubavu na uso umekukabili, tawi la mzeituni nyuma yake, na herufi tatu, ΑΘΕ, ufupisho wa "ya Waathene". Mara nyingi picha haikukaa katikati: pua ya Athena imebaki nje, au mkia wa bundi haumo. Hilo halikumsumbua mtu, kwa kuwa uzito ulikuwa pale pale.

Baadaye, katika karne ya 4 KK, Athens ilitafuta njia ya kumsaidia hata asiyejua kusoma. Kwenye sarafu ya oboli tatu bundi alisimama akikukabili kati ya matawi mawili ya mzeituni. Kwenye sarafu ya oboli mbili alikuwa na kichwa kimoja na miili miwili. Kwenye robo oboli walichora mwezi mwandamo. Mtu aliyezoea alitambua kwa jicho moja, kama sisi tunavyoitambua noti kwa rangi kabla ya kuisoma.

Wagiriki walijifunza kwa majirani

Sarafu za kwanza tunazozijua katika eneo hili zilitoka Lydia, ufalme uliokuwa magharibi ya Uturuki ya leo, mwishoni mwa karne ya 7 KK. Zilifuliwa kwa mchanganyiko wa dhahabu na fedha. Mfalme Croesus wa Lydia, katikati ya karne ya 6 KK, ndiye anayehusishwa na kutenganisha sarafu za dhahabu na za fedha. Miji ya Kigiriki iliyopakana naye ilichukua ujuzi huo, ikaupeleka ng'ambo ya bahari, na fedha ikashika nafasi ya kwanza.

Kila mji ulichagua alama yake. Kisiwa cha Aegina kiliweka kasa. Corinth iliweka Pegasus, farasi mwenye mabawa. Ugumu ni kwamba uzito nao ulitofautiana: drakma ya Aegina ilikuwa nzito kuliko ya Athens, na Corinth iligawa sarafu yake kubwa kwa tatu badala ya mbili au nne. Mfanyabiashara aliyevuka bahari kwa siku moja alijikuta kama msafiri wa Namanga au Sirari, ana pesa halali mfukoni lakini haieleweki upande wa pili.

Hapo ndipo alipoingia mbadili fedha na meza yake. Meza kwa Kigiriki ni *trapeza*, na hadi leo Mgiriki anayekwenda benki anakwenda *trapeza*. Mmoja wa watu wa meza hizo, Pasion wa Athens, alianza akiwa mtumwa wa wenye benki, akaachiwa huru, akawa mwenye benki mwenyewe, na mwishowe akapewa uraia. Alifariki mwaka 370 KK au karibu na hapo akiwa miongoni mwa matajiri wa mji.

Kwa nini mji ujisumbue na vipande vidogo?

Kwangu hili ndilo swali lenye uzito, na jibu lake linaanza kwa mfua fedha.

Aliyeyusha madini, akayafanya kitonge bapa chenye uzito uliopimwa. Kitonge kiliwekwa juu ya muhuri uliozamishwa kwenye fuawe, muhuri wa pili ulio kama patasi nene ukashikwa juu yake, na nyundo ikashuka. Kazi ni ile ile kwa sarafu kubwa na kwa ndogo. Lakini sarafu moja ya drakma nne ina fedha ya oboli 24. Ukiamua kutoa oboli, unapima mara 24, unapanga mara 24 na kugonga mara 24, na fedha haijaongezeka hata kidogo. Kwa mwenye hazina ni hasara tupu ya muda.

Kwa sababu hiyo wataalamu wengi waliamini kwamba sarafu za mwanzo zilikuwa kubwa tu, za kulipia kodi, askari na mahekalu, na kwamba mtu wa kawaida hakuzihitaji. Colin Kraay, bingwa wa sarafu za Kigiriki, alitoa hoja hiyo mwaka 1964, na kwa ushahidi wa wakati wake alikuwa na sababu. Watu wakizika akiba huzika sarafu kubwa, na vipande vya ukubwa wa dengu hupita kwenye vidole vya wachimbaji bila kuonekana.

Kisha vidogo vikaanza kujitokeza. Mfano ninaoupenda ni hazina ya Colophon, mji wa Kigiriki uliokuwa pwani ya Uturuki ya leo: vijisarafu zaidi ya 900 vya karne ya 6 KK, vingi vyenye uzito wa robo tu ya gramu au chini ya hapo, vikiwa pamoja na vipande vya fedha visivyogongwa chapa. Hakuna anayelipa jeshi kwa vitu hivyo. Hivyo ni vya kununulia chakula. Maana yake, karibu tangu mwanzo kabisa, sarafu ilikuwa imeshafika sokoni.

Pima mwenyewe kwa mshahara. Hesabu za ujenzi wa hekalu la Erechtheion huko Athens, mwishoni mwa karne ya 5 KK, zinaonesha fundi akilipwa drakma moja kwa siku, awe raia au mtumwa. Sarafu kubwa ya bundi ilikuwa basi ujira wa siku nne. Nani angempa muuza vitunguu ujira wa siku nne? Ni sawa na kwenda gengeni asubuhi na noti ya elfu kumi kutaka fungu la mchicha. Katika mchezo mwingine wa Aristophanes, wa mwaka 405 KK, mwenye nyumba ya wageni anadai bei ya vipande vya nyama ya kuchemsha, kila kimoja nusu oboli. Posho ya mahakamani ilikuwa oboli tatu. Maisha ya kila siku yalipimwa kwa oboli, wakati drakma ilikuwa ya hesabu na mishahara.

Nasi tuliwahi kuwa na vyetu. Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 zilichimbuliwa sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote za fedha, ndogo na nyepesi, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa pwani hii. Jina la pesa ya fedha katika ulimwengu wa Kiislamu, dirhamu, ni drakma iliyopita Uajemi na Uarabuni. Anayetumiwa pesa kutoka Dubai hulitamka bila kujua limetoka kwenye konzi ya mishikaki. Na yule mwanamke wa Injili ya Luka aliyewasha taa na kufagia nyumba akitafuta moja ya shilingi zake kumi? Kwa Kigiriki alikuwa na drakma kumi.

Mdomo kama pochi

Vazi la Kigiriki lilikuwa kitambaa cha kujitanda, halina mifuko. Ukienda sokoni mkono mmoja umeshika kapu na mwingine unapapasa samaki, oboli tatu unaziweka wapi? Shavuni. Mzee yule yule wa magamba anasimulia jinsi anavyorudi nyumbani na posho yake: binti yake anamwosha miguu na kuipaka mafuta, anainama kumbusu, anamwita baba kwa sauti ya kudeka, na huku kwa ulimi anazivua oboli tatu kutoka mdomoni mwake. Watazamaji walicheka kwa sababu walilijua jambo hilo majumbani mwao.

Watu hulichanganya hilo na desturi ya mazishi. Ni kweli Wagiriki walikuwa na masimulizi ya Charon, mvusha wafu, anayedai nauli ya oboli, na ni kweli baadhi ya maiti walizikwa na sarafu mdomoni. Lakini makaburi mengi sana yaliyochimbuliwa hayana sarafu yoyote. Ilikuwa desturi ya baadhi ya watu, na sarafu ilikaa mdomoni mwa maiti pale pale ilipokuwa ikikaa alipokuwa hai.

Fedha yenyewe ilitoka wapi

Ya Athens ilitoka Laurion, kusini ya Attica, eneo linaloizunguka Athens. Mwaka 483 KK hivi uligunduliwa mkondo tajiri wa madini, na Themistocles, kiongozi wa Athens, akawashawishi raia wasigawane pesa hiyo bali wajenge merikebu za vita, zilizopigana na Waajemi huko Salamis mwaka 480 KK. Hadithi hiyo husimuliwa kwa fahari. Isimuliwe pia kwamba waliochimba walikuwa watumwa, maelfu kwa maelfu, katika njia za chini ya ardhi zilizokuwa nyembamba kiasi cha kutambaa. Kila bundi mdogo mzuri ninayemwona kwenye picha ametoka katika mashimo hayo, na sioni namna ya kumtazama bila kulikumbuka hilo.

Feki zilikuwepo, shaba iliyovikwa ngozi ya fedha. Sheria ya Athens ya mwaka 375 KK hivi, iliyochongwa kwenye jiwe na kuchimbuliwa sokoni pale pale mwaka 1970, inaagiza mkaguzi, ambaye ni mtumwa wa serikali, akae kati ya meza za wabadili fedha kila siku. Sarafu ya fedha halisi yenye chapa ya Athens lazima ipokelewe, na muuzaji anayeikataa ananyang'anywa bidhaa alizoziweka siku hiyo. Sarafu ya uongo inakatwa papo hapo. Mkaguzi akizembea, viboko hamsini.

Kuhusu kutajirika, tuseme wazi. Sarafu hizi zilifuliwa kwa wingi mno, na nyingi za ndogo si adimu hata kidogo. Zinazouzwa mitandaoni zimejaa za kughushi. Ugiriki na Uturuki zina sheria kali: kitu cha kale kilichofukuliwa ni mali ya taifa, na kukitoa nchini bila kibali ni kosa la jinai. Linaloniuma zaidi ni kwamba oboli iliyong'olewa usiku na mwizi haina tena cha kutueleza. Oboli iliyokutwa kwenye sakafu ya duka, kando ya mizani na mifupa ya samaki, inatueleza nani aliitumia na kwa nini.

Pale fedha ilipogota

Tatizo la kugawa madini ni kwamba yana mwisho. Robo oboli ilikuwa tayari inapotea mchangani. Ukitaka kidogo zaidi ya hapo vidole havishiki. Njia iliyobaki ilikuwa kutumia madini ya bei nafuu, shaba, na kuipa thamani inayozidi uzito wake. Hapo pakiti ya sukari inageuka kuwa stakabadhi ya sukari: unachoshika si mali yenyewe, ni ahadi. Shilingi zetu zote ni ahadi za namna hiyo. Miji ya Kigiriki ya Sicily ilikubali shaba mapema, katika karne ya 5 KK. Athens, iliyokuwa na Laurion yake, ilikataa, na haikuzoea shaba mpaka katikati ya karne ya 4 KK.

Ilikuwa imejaribu mara moja kabla ya hapo, kwa kulazimika. Mwaka 413 KK Wasparta, waliokuwa vitani na Athens, waliweka kambi Decelea, ndani ya ardhi ya Athens, watumwa zaidi ya 20,000 wakatoroka, na uchimbaji ukadorora. Hazina ilipokauka mji ukatoa sarafu za shaba. Vita vikaisha, fedha ikaanza kurudi, na siku moja shaba ikafutwa. Katika mchezo wa miaka ya 390 KK hivi, mtu mmoja anaeleza ilivyomkuta. Alikuwa ameuza zabibu zake, akaondoka shavu limejaa sarafu za shaba, akaenda moja kwa moja sokoni kununua unga wa shayiri. Akaufungua mfuko, akaunyoosha mbele ya muuzaji. Ndipo mpiga mbiu akapaza sauti: kuanzia sasa mtu yeyote asipokee shaba, tunatumia fedha.